Vishikwambi 40 kwa Gredi ya 4, au fedha zitumike vingine?

Swali: Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kutwa katika eneo la Nyakach, Kaunti ya Kisumu. Wanafunzi wetu wa zamani wametuchangia fedha zinazotosha kununua vishikwambi 40, yaani kimoja kwa kila mwanafunzi wa Gredi ya 4. Umeme hupotea mara kwa mara, mtandao ni dhaifu, na wazazi wengi wana simu za kabambe tu, yaani za vitufe zisizo za kisasa. Halmashauri ya shule inataka tuvinunue vyote mara moja. Utafiti unasemaje, na vifaa hivi vitafanyaje kazi bila intaneti?

Jibu: Mwalimu, umefanya vyema kuuliza kabla fedha hazijatoka. Ushauri wangu ni kwamba msinunue vishikwambi 40. Nunueni 10 vya wanafunzi na kimoja cha mwalimu wa darasa, mtengeneze seva ndogo ya shule, yaani kompyuta inayohifadhi masomo na kuyagawa kwa vishikwambi, kisha fedha zinazobaki ziende kwa vitabu, kwa umeme wa jua na kwa muda wa maongezi wa kuwapigia wazazi simu.

Utafiti unaokuhusu zaidi ulifanyika katika kaunti yako mwenyewe. Mwaka 2013, chini ya PRIMR, mpango wa Wizara ya Elimu wa kuboresha kusoma na hesabu katika madarasa ya chini, shule za Kisumu zilipangwa kwa kura katika makundi: katika kundi moja wanafunzi walipewa visomeo vya kielektroniki, katika jingine walimu walipewa vishikwambi, na katika la tatu vishikwambi vilikwenda kwa maafisa wanaozuru madarasa kuwashauri walimu. Makundi yote yalipata pia vitabu vipya, miongozo ya mwalimu na ziara za ushauri. Matokeo, ambayo mtafiti Benjamin Piper na wenzake waliyachapisha mwaka 2016, yalionyesha kwamba watoto wa makundi hayo walisoma vizuri zaidi kuliko wale wa shule zisizokuwa katika mpango. Hata hivyo, vifaa havikuongeza faida ya maana juu ya ile iliyoletwa na vitabu, miongozo na ushauri peke yake, na kumpa kila mtoto kifaa ndiyo njia iliyogharimu zaidi. Mpango huo ulipoenezwa nchini kote kwa jina la Tusome kuanzia mwaka 2015, vishikwambi vilikabidhiwa maafisa wa kuzuru shule.

Wapo wanaosoma matokeo hayo na kusema teknolojia haina kazi shuleni. Mimi sikubaliani nao. Ninachokiona ni kwamba kifaa humfaa mtoto pale kinapomwezesha mwalimu kujua leo kile ambacho mtoto hakukielewa, ili kesho asubuhi alirudie jambo hilo hilo. Ukikubali hoja hiyo, idadi ya vifaa haitakuwa tena swali la kwanza.

Kwa hali yenu ninapendekeza Kolibri, programu ya bure ambayo shirika la Learning Equality liliitengeneza mahsusi kwa mahali pasipo na intaneti. Inawekwa katika kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, au hata katika kipakatalishi cha zamani. Mnaipeleka kompyuta hiyo Kisumu mjini penye mtandao mzuri, mnapakua masomo mara moja, kisha mkirudi shuleni vishikwambi vinaunganishwa nayo kwa Wi-Fi yake yenyewe bila bando lolote. Majibu ya wanafunzi hubaki humo, na mwalimu huona nani alikwama na katika swali gani. Maudhui yake mengi hayakuandikwa kwa kufuata mtaala wetu, kwa hiyo mwalimu ayachague mwenyewe na kupanga masomo na majaribio yake ndani ya programu. Kazi hiyo inahitaji muda, na ninakuomba uuweke rasmi katika ratiba badala ya kuuacha kwa hisani ya mwalimu.

Chukua somo la sehemu katika hisabati. Wanafunzi 40 wanakaa wanne wanne, kila kundi na kishikwambi kimoja. Swali linauliza ipi ni kubwa kati ya 1/3 na 1/4. Kabla yeyote hajagusa kioo, kila mtoto anaandika jibu lake daftarini, kisha wanajadiliana, halafu mmoja anabonyeza. Agizo la kuandika kwanza lina uzito wake: wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojaribiwa juu ya walichosoma walikikumbuka vizuri zaidi baada ya wiki moja kuliko wale waliokirudia kukisoma. Jioni mwalimu akiona makundi sita yamechagua 1/4 kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3, kesho yake anakuja na vipande vya karatasi ya manila vilivyo sawa kwa urefu, anawapa wavikunje, kimoja katika sehemu tatu sawa na kingine katika sehemu nne sawa, walinganishe kwa macho.

Kuhusu umeme, hesabu si ngumu. Raspberry Pi inayotumia takribani wati 5 itaendeshwa siku nzima ya masomo na pawabenki ya 20,000 mAh, kwa kuwa pawabenki hiyo ina takribani saa-wati 74, na hata ukiondoa umeme unaopotea njiani bado unapata zaidi ya saa 10. Vishikwambi 11 vyenye betri za 5,000 mAh vina pamoja takribani saa-wati 204, na ukihesabu umeme unaopotea njiani vinahitaji karibu 280 ili vijae kutoka sifuri. Paneli ya jua ya wati 100 itawatosha siku ya jua la kawaida, mradi iwe na betri ya kuhifadhi na isiwe chini ya kivuli cha mwembe. Vishikwambi 40 vingehitaji mfumo wa karibu mara nne ya huo, gharama ambayo muuzaji hataitaja kwenye bei ya vifaa.

Simu za kabambe msizidharau. Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, watafiti nchini Botswana walijaribu njia mbili kwa familia zaidi ya 4,500: ujumbe mfupi wenye maswali ya hesabu, na ujumbe huo pamoja na simu ya kila wiki ya takribani dakika 20 kutoka kwa mkufunzi. Ujumbe peke yake haukuleta faida ya maana. Ulipoambatana na simu, watoto waliendelea vizuri katika hesabu. Jaribio hilo lilirudiwa katika nchi tano, Kenya ikiwemo, na simu zikaleta manufaa tena. Basi chagueni watoto walio nyuma zaidi, mwalimu awapigie wazazi wao wakati wa likizo, mzazi aweke spika, na mtoto afanye maswali ya kiwango alichofikia hata kama ni ya gredi ya chini. Kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, fomu ya idhini itiwe sahihi katika mkutano wa wazazi kabla ya kusajili majina kwenye seva.

Halmashauri ikisisitiza vifaa vingi, iombe isubiri muhula mmoja. Pimeni wanafunzi kwa maswali yale yale mwanzoni na mwishoni mwa muhula, wakiwemo wale wa mkondo au shule jirani isiyo na vifaa, kisha muamue kama fedha za awamu ya pili ziongeze vishikwambi au vitabu.