Baraka ni yangu, mke wangu ananinunia

*Shangazi, mimi ni Mkristo, nimetoka bara, naishi Weti, Pemba. Msimu huu nilikodi mikarafuu ikazaa sana. Nimeshatoa ushuhuda kanisani, fungu la kumi na sadaka ya shukrani. Mke wangu, badala ya kufurahi, ananinunia: eti ningewalipa kwanza wachumaji wanaonidai, na eti nilikosea kuwafukuza kina mama waliokuja kuokota karafuu zilizoanguka chini. Nimemwambia baraka hii ni yangu na Mungu wangu. Naomba umweleweshe. – Mbarikiwa*

Mwanangu Mbarikiwa, nimeisoma barua yako nikitafuta pa kumlaumu mkeo, sijapaona.

Karafuu zako zilipopimwa kituoni, ZSTC, shirika la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu, walikulipa. Aliyekwea mkarafuu, akashusha pishi zake, kisha jioni akakaa jamvini kuchambua karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, yeye bado anaandikiwa deni la unga dukani. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka kibarua alipwe siku ileile, kabla jua halijatua, kwa sababu ni maskini na moyo wake uko kwenye ujira huo. Sasa lile fungu la kumi ulilitoa kwenye fedha ipi? Ujira wa watu ulikuwa humo humo. Mchungaji wako hakujua, lakini wewe ulijua.

Na hao kina mama. Sura hiyohiyo, teremka kidogo tu, inamkataza mwenye shamba kurudi kuokota kilichosalia. Ni cha mgeni, yatima na mjane. Hapo pa mgeni pasome taratibu, mwanangu. Pemba, mgeni ni nani kama si wewe? Majirani zako Waislamu walikupokea, wakakuonyesha mikarafuu ya kukodi, leo unawafukuza wake zao kwa ajili ya ndoo nusu ya karafuu za chini, ambazo nyingine zimeshakuwa mpeta, yaani karafuu duni.

Ukitaka kujua tajiri aliyebarikiwa anaishi vipi na vibarua wake, fungua Ruthu 2. Boazi anafika shambani, anawatolea wavunaji salamu kwa jina la Bwana, nao wanamjibu, Bwana akubariki. Umeona baraka ilikotokea? Kwa watu wenye mundu mkononi, juani. Baadaye anawaagiza vijana wake wamchomolee Ruthu masuke kwenye miganda makusudi, wala wasimkemee. Na Ruthu alikuwa Mmoabu, mgeni kama wewe. Wachumaji wako wakikuona njiani siku hizi, wanakuombea nini?

Sikusemi kwa kutoa sadaka, shukrani ni jambo jema. Ila ushuhuda wako uliishia mlango wa kanisa, na mkeo ndiye anayekutana na hao wachumaji sokoni na kisimani. Yeye ndiye anayesalimiwa kwa jicho la pembeni. Kununa kwake ni kukustahi. Mwingine angeshayasema mbele ya watu.

Keti naye leo mkahesabu pishi za kila mtu. Fedha isipotosha, uza kilichobaki kwenye majamvi kabla hujanunua bati wala pikipiki. Nenda mwenyewe kwa miguu, usimtume mtoto. Piga hodi, omba radhi kwa kuchelewesha, lipa. Kwa wale kina mama aende mkeo, awaambie wakati wa kuokota waje tu, na wewe siku hiyo usikae chini ya mkarafuu kuwahesabia.