Jibu: ukiandika kwa Kiingereza ripoti ya ukaguzi wa mwaloni (samaki wanaposhushwa), utumie hide, conceal au cover up kwa "kuficha"?

Ndugu, kwa sangara wa chini ya sentimita 50 waliofunikwa na barafu kwenye boksi, andika conceal. Ni neno rasmi, linabeba nia ya kukwepa ukaguzi, na lazima kitajwe kilichofichwa. Hide si kosa, ila ni la mazungumzo, na lina mtego: wakati uliopita ni hid, kisha hidden. Hided halipo.

Cover up usilitumie hapo. Hilo huja baada ya kosa kutendeka, mtu anapofuta ushahidi, mfano kuchana daftari la mizani. Na kama samaki wako wazi ila wamebandikwa jina la samaki mwingine, hiyo ni mislabel.

Kinachoharibu ripoti nyingi zaidi ni "alinificha". Sisi tunamaanisha alinificha jambo. Ukiandika "he hid me", Mwingereza anaelewa kwamba alikuficha wewe, labda stoo, usionekane. Weka kitu kwanza, kisha from: "he hid the receipt from me". Conceal nalo hufuata njia hiyohiyo. Usiweke to, hata kama "kwangu" inakuvuta huko.