Jibu: Kwa nini asipewe dopamini yenyewe?
Mkuu, umeuliza kwa nini mgonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili) asidungwe dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, moja kwa moja, wakati ndiyo iliyopungua ubongoni. Haipiti! Kuta za mishipa midogo ya damu kule kichwani zina seli zilizobanana mno, dopamini inagota hapo. Ujanja ni dawa ya levodopa: dopamini iliyobandikwa kikundi cha kaboksili (atomu chache za kaboni, oksijeni na hidrojeni), ikafanana na asidi amino za chakula (vijenzi vya protini), basi inapitishwa mlango wao. Ikishaingia, kimeng'enya hukibandua kikundi kile, dopamini inabaki. Dawa nyingine, kabidopa, huongezwa ili kikundi hicho kisibanduliwe mapema nje ya ubongo, yenyewe haivuki. Na sahani ya nyama au maharage pamoja na kidonge? Yaweza kukipunguzia nguvu, maana asidi amino za protini yake na levodopa vinagombea mlango mmoja.