Kabla hujaposti avereji yako, tuambie upepo ulikuwaje

Wadau wa baiskeli, kila Jumapili mchana makundi yetu ya WhatsApp yanajaa skrinishoti, huyu kilomita 62, yule 104, mwingine kaweka ramani ya Bagamoyo na misuli mitatu ya emoji, afu chini yake swali ni moja tu, "avereji ngapi mkuu?", yaani spidi yako ya wastani, kilomita ngapi kwa saa. Mimi hizo posti nazipenda, mtu akimaliza kilomita 50 zake za kwanza aposti, atambe mpaka achoke, kwani kuna aliyemsaidia kukanyaga pedeli? Ila hiyo avereji ndo inaniudhi. Kwa hapa Dar hakuna namba inayodanganya kama hiyo, na wageni wengi wanakata tamaa kwa sababu yake, wanajiona wazembe kumbe wala.

Tuchukue Bagamoyo maana ndo kila mtu anaitaka. Kutoka Posta ni kilomita kama 65, na barabara kwa sehemu kubwa inaelekea kaskazini magharibi ikifuatana na pwani. Sasa miezi ya kusi, Mei hivi mpaka Septemba, upepo unatokea kusini na kusini mashariki, yaani wakati wa kwenda unakusukuma mgongoni. Alfajiri unakuwa mpole, jua likishapanda, kuanzia kwenye saa nne hivi, unakaza. Kwa hiyo Bunju unaipita unajisikia una injini, Mapinga unajiona bingwa, Kerege unaanza kuachia usukani upige selfi, na ukifika Bagamoyo unakuta avereji ya 30 ambayo hujawahi kuiona maishani. Halafu unageuza. Kuanzia hapo mpaka Tegeta unakula upepo wa uso, jua la saa tano, miguu imeshatumika, na malori yanakupita yanakumwagia vumbi. Aliyefika Bagamoyo akapakia baiskeli kwenye daladala akarudi zake amekaa dirishani, huyo kwenye skrinishoti ana avereji nzuri kuliko wewe uliyerudi kwa miguu yako mwenyewe. Haki iko wapi hapo?

Na hesabu yenyewe ina mtego. Ukienda kilomita 60 kwa spidi ya 30 ukarudi 60 kwa spidi ya 20, avereji yako haiwi 25, inakuwa 24, kwa sababu kwenda umetumia masaa mawili na kurudi matatu, yaani ule mwendo mbovu ndo umekaa nao muda mrefu zaidi. Upepo ukikutesa njia moja, haukulipi chote ulichopoteza ukikusukuma njia nyingine.

Kwa hiyo anayetafuta kilomita mia zake za kwanza mimi namshauri hivi: kama ni miezi ya kusi, usianze na Bagamoyo. Anza na upande wa kusini, vuka na pantoni Magogoni, shika Mjimwema, Gezaulole, endelea kadiri lami itakavyokuruhusu, ulizia wenyeji hali ya mbele, afu kama kilomita hazijatosha zunguka tena Kibada. Unaupokea upepo usoni ukiwa bado mzima, wakati wa kurudi unakusindikiza nyumbani. Bagamoyo iache ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, hapo upepo unageuka na kurudi kunakuwa na nafuu. Shida ya kaskazi ni joto bana, Januari na Februari Dar inachemka, saa tatu asubuhi tu unaona lami inameremeta, kwa hiyo hiyo safari usiondoke baada ya saa kumi na moja alfajiri na usiondoke bila taa ya mbele na ya nyuma. Kuna wanaosema taa ya nyuma inatosha, mimi sikubaliani nao, bodaboda anayekuja kinyume bila taa anahitaji kukuona wewe, maana yeye hutamuona.

Kitu kingine ni kama mlikuwa wengi. Kukaa nyuma ya mwenzako kunapunguza kazi, robo nzima au hata zaidi mkiwa kwenye spidi, sasa mtu kakaa katikati ya kundi la watu kumi anaposti avereji anashindana na dada aliyetoka peke yake Mbagala. Sema tu mlikuwa wangapi. Na muda pia, Strava, ile app ya simu tunayorekodia safari, inakupa muda uliokuwa kwenye mwendo na muda wote tangu utoke mpaka urudi, wengi tunaposti ule wa kwanza kwa sababu taa za Morocco na Mwenge hazihesabiwi, wala ile nusu saa ya chapati na supu. Mimi ule wa pili ndo naupenda zaidi, unanionyesha mtu kaishi vipi huko njiani.

Sasa kama avereji tunaiweka pembeni, tutambie nini? Vitu vipo kibao. Kuziba pancha mwenyewe kwenye jua pembeni ya barabara, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko, bila kumpigia fundi simu, hiyo kwangu ni hatua kubwa kuliko kilomita 80. Kufika nyumbani chupa bado ina maji. Na kupanda Pugu bila kuweka mguu chini.

Pugu naisemea sana kwa sababu Dar hii ni tambarare, ukitaka mlima inabidi uutafute. Unapita airport, Gongo la Mboto, barabara inaanza kukunyanyukia taratibu, unapita maeneo ya Pugu Sekondari, pale Mwalimu Nyerere alipokuwa anafundisha kabla ya kuacha kazi mwaka 1955, unaendelea mpaka Kisarawe. Kwa watu wa Mbeya au Lushoto hicho si mlima, watakucheka, ila kwa miguu ya Sinza inatosha kabisa. Shuka gia mapema kabla cheni haijakaza, kaa kwenye siti, na usimfukuze mtu. Alfajiri njiani utapishana na wale wazee wa mkaa wanashuka kuelekea mjini, magunia yamefungwa kwa mipira mpaka yamempita mtu kichwa, baiskeli ya Phoenix, kandambili imekandamizwa kwenye tairi ndo breki yenyewe. Mmoja alikuwa kasimama anakaza kamba, nikamwambia shikamoo mzee, akajibu marahaba mwanangu, mbona mnakimbia hivyo, mnawahi wapi? Nikamwambia mazoezi tu mzee. Akaiangalia baiskeli yangu mbele mpaka nyuma, akasema, "Na mzigo hamna?" Sikuwa na jibu, nikacheka tu nikaendelea kupanda.

Chakula na maji sitaki kuongea sana kwa sababu watu washaandika mno. Ukizidi saa moja na nusu kula kila baada ya nusu saa kabla njaa haijakukuta, ndizi ya wastani ina wanga kama gramu 25 na mwili wako unataka kati ya 30 na 60 kwa saa, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe ya ndizi na kashata. Maji chupa moja kila saa kwa joto letu, na weka kachumvi kidogo. Energy drink ya baridi kwenye tumbo tupu mimi siigusi.

Basi posti ninayoitaka mimi iko hivi: "Mwenge, Mapinga, kurudi Mwenge. Nimetoka saa kumi na moja, peke yangu. Kusi, upepo usoni kuanzia Mapinga mpaka Tegeta. Chupa tatu, ndizi nne, kashata. Kabla ya Boko ukitokea mjini kuna kokoto zimemwagika pembeni, kaeni macho. Nimechoka vibaya." Mtu akisoma hiyo Jumamosi ijayo anajua pa kukaa macho na abebe nini. Ile ya "avereji 28.4" atafanyia nini? Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza kuja Afrika, wapya wameongezeka sana kwenye makundi, na kabla ya hapo Biniam Girmay wa Eritrea alishatuwashia moto aliposhinda hatua tatu za Tour de France 2024 na kuondoka na jezi ya kijani, ile ya anayeongoza kwa pointi. Hao wapya wanatafuta njia na wenzao wa kwenda nao, wengi wana baiskeli ya mtumba na bukta ya mpira, tusiwapokee na swali la avereji.

La mwisho, na hili ni la usalama. Ramani unayoposti inaonyesha ulipoanzia, yaani mlangoni kwako, afu picha ya pili umeweka baiskeli ya milioni mbili imeegemea geti. Mwaka 2018 ramani ya Strava ilionyesha mpaka mizunguko ya wanajeshi ndani ya kambi zao, sembuse uani kwako Kimara. Ingia kwenye mipangilio ya faragha, kuna sehemu ya kuficha mwanzo na mwisho wa safari, chora duara kubwa kadiri inavyokubali, na zile posti za zamani pia zipitie, maana wengi wanarekebisha ya kesho wanaacha za mwaka jana zote wazi.