Wingu langu la maneno liliandika YA, wakaniuliza: ya nini?

Juzi usiku niliingiwa na ujumbe: "Shikamoo kaka. Nimefuata kila ulichoelekeza lakini picha yangu ya wingu la maneno imejaa YA na WA na KWA. Nimekosea wapi?" Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kuna nini. Marahaba mdogo wangu. Hujakosea popote, umepita tu nilipopita mimi. Tofauti ni kwamba mimi nilipita mbele za watu.

Nilikuwa nimepewa kazi ya kufupisha maoni ya wafugaji, meseji 412 kuhusu malisho, chanjo na maji. Ndiyo kwanza najifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nikakutana na maktaba (mkusanyiko wa msimbo ulio tayari kutumika) ya Andreas Müller iitwayo wordcloud. Unaimwagia maandishi, inahesabu maneno, na lililotajwa mara nyingi linachorwa kubwa. Mistari mitano tu ya msimbo! Nikajiona nimeshatoka kimaisha. Picha yenyewe sikuitazama kwa utulivu. Niliona rangi zinang'aa juu ya mandharinyuma nyeusi, nikaibandika kwenye wasilisho, nikaenda kupiga pasi shati.

Kesho yake projekta ikawashwa. Katikati ya ukuta, herufi kubwa kama mlango: YA. Pembeni yake KWA, NA, WA. Watu kimya. Kisha mama mmoja aliyekaa nyuma akauliza kwa upole kabisa, "Ya nini?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mpaka leo kuna wawili watatu wakinikuta kwenye chai wananisalimia hivyohivyo, "Ya nini, bwana?" Najifanya nacheka.

Kisa ni kwamba maktaba ile inakuja na orodha ya maneno ya kuachwa, ila ni ya Kiingereza. Kwake "ya" ni neno zito sawa na "chanjo". Orodha ya Kiswahili unaiandika mwenyewe na kuipachika kwenye sehemu iitwayo stopwords, yaani hayo maneno ya kuachwa, na usidhani ni kazi ya dakika kumi, maana ngeli hazikuachi. Ukiondoa "yake" bado kuna wake, lake, chake, vyake, zake, kwake. Ukiondoa "hii" zinakuja hiki, hili, hizi, huyu, hawa. Yangu ilianza na maneno 30, sasa yamefika 180 na bado kila kazi mpya inaniongezea mawili matatu.

Awamu ya pili likajitokeza neno OMBE, tena kubwa. Nikadhani wafugaji wanaomba kitu. Nilihangaika nalo karibu saa nzima, hadi nilipofungua meseji zenyewe: ng'ombe! Kuna simu zinazoweka alama ile ya juu ikiwa imepinda, na maktaba inaitambua iliyonyooka tu, kwa hiyo ng'ombe anachinjwa vipande viwili, NG huku na OMBE kule. Badilisha alama zote ziwe zilizonyooka kabla hujachora. Ni mstari mmoja.

Lakini kilichoniuma si YA wala OMBE. Hayo ni ya kuchekwa tu, yanapita. Kilichoniuma ni hiki. Katika kusafisha, mkono ulikwenda mbali nikatupa na "hakuna", "bila" na "si", nikiyaona maneno madogomadogo. Picha ikatoka safi: MAJI, kubwa, katikati. Bosi akanipongeza, ikaingia kwenye ripoti. Wiki moja baadaye akapiga simu kijana mmoja aliyekusanya zile meseji vijijini. Hakuniamkia. "Kaka, mbona mmeandika kama vile maji yapo?"

Wale watu walikuwa wameandika "hakuna maji". Meseji baada ya meseji. Mimi nikawafutia hakuna.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kazi zako zionekane, nisikilize. Soma maandishi kwanza. Usinijibu kwamba ni mengi. Soma hata 50 kwa macho yako, wala si kwa kompyuta. Maktaba ina tabia ya kuunganisha maneno mawili yanayoandamana mara nyingi, lakini ukiliweka mojawapo kwenye orodha ya kuachwa, jozi nayo inakufa. Siku hizi naziunganisha mwenyewe kwa mstari wa chini, hakuna_maji, na inachorwa kama neno moja. Haipendezi sana. Sijali.

Vitenzi navyo vina lao. Naomba, tunaomba, tumeomba, wanaomba: kwetu ni ombi moja, kwa kompyuta ni maneno manne madogo yaliyojificha pembeni. Hapo nahesabu mwenyewe, najumlisha vilivyo vya ukoo mmoja, kisha naipa maktaba hesabu iliyokamilika kupitia amri yake iitwayo generate_from_frequencies. Ukienda njia hiyo, kumbuka orodha yako ya kuachwa haiguswi kabisa, kwa hiyo safisha mapema. Vijana mnapenda kukimbilia rangi na umbo la ramani ya nchi wakati maneno yenyewe hamjayasoma. Someni kwanza!

Na kama utachapisha, ongeza upana na urefu. Usipogusa kitu inakupa pikseli (vidoti vya picha) 400 kwa 200, na kwenye karatasi inatoka na ukungu.

Orodha yangu nitakutumia kesho asubuhi. HAKUNA nimeitoa humo, ukiirudisha, usiniambie.