Goti limekataa mlima: kutafuta maana ya maisha ni tiba au mahubiri?

SWALI: Dokta, pole na kazi. Nimepanda Kilimanjaro tangu nikiwa mpagazi hadi nikawa mwongozaji. Mwaka jana goti liliharibika, daktari wa mifupa akasema nisahau mlima. Sasa kila usiku naamka saa sita, saa ileile wageni wanapotoka kambi ya Barafu kwenda kileleni, na silali tena. Nimepewa vidonge vya sonona. Mshauri mmoja akanitajia tiba ya kutafuta maana ya maisha. Ni tiba kweli au mahubiri? Na nikiianza, niache vidonge? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Kaka, pole sana. Nianze na vidonge, maana hapo ndipo watu wanapojiumiza: usiviache kwa kujiamulia. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla hazijaonyesha nguvu. Ukizikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mbaya zaidi. Aliyekuandikia ndiye atakayezipunguza, kidogo kidogo. Tiba unayoulizia huenda sambamba nazo.

Na ni tiba. Inaitwa logotherapi, na mwanzilishi wake ni Viktor Frankl (1905–1997), daktari wa akili wa Vienna, Austria. Wengi hudhani aliibuni akiwa mfungwa wa Wanazi. Sivyo. Fikra hizo alikuwa nazo tangu kabla ya vita, akihudumia vijana na wagonjwa waliotaka kujiua. Kambi alizopitia kuanzia 1942 hadi 1945, Auschwitz ikiwemo, ndizo zilizozipima. Huko alipoteza wazazi, kaka na mke.

Mhubiri anakuja na jibu. Mimi siruhusiwi kuwa nalo, na mtaalamu akikwambia siku ya kwanza kwamba maana ya maisha yako ni watoto wako, muage vizuri uondoke. Kazi yetu ni kuuliza, na maswali yenyewe ni madogo. Mlimani ulikuwa unafanya nini hasa? Utajibu, "Napandisha wageni." Nitauliza tena, mpaka tufike pale unapomtazama mgeni midomo na mwendo, ukajua huyu ateremshwe sasa hivi, hata kama amelipa na anabisha. Au pale mpagazi mpya anapofunga mzigo vibaya nawe unaufungua na kumwonyesha upya. Tukishaviorodhesha, tunavipitia kimoja kimoja: kipi kilikuwa kwenye goti, na kipi kiko kichwani na machoni mwako hadi leo? Halafu: leo nani anakikosa? Hapo kimya huwa kirefu, nami sikikatizi.

Frankl alitaja njia tatu: unachokitoa kwa kazi, unachokipokea kwa kupenda na kuona uzuri, na msimamo unaouchukua mbele ya lisilobadilika. Hiyo ya tatu ndiyo inayotumiwa vibaya. Inahusu lisilobadilika tu. Kama mazoezi ya viungo au upasuaji vinaweza kulipunguzia goti maumivu, nenda kwanza. Kuvumilia kinachotibika si ushujaa.

Ushahidi wake? Utafiti wa kupigiwa mfano ni ule wa William Breitbart wa New York, aliyejenga tiba ya vikao vichache kwa wagonjwa wa saratani iliyosambaa akifuata mawazo ya Frankl. Iliwasaidia. Kwa sonona kali siitegemei peke yake. Na ukianza kufikiria kujiua, usisubiri miadi: mwambie mtu wa nyumbani, nendeni hospitali usiku huohuo.

Kuhusu saa sita, Frankl ana mbinu ya kutaka kinyume. Ukiamka, usipiganie usingizi, kwa kuwa juhudi yenyewe ndiyo inayoufukuza. Taa imezimwa, simu iko mbali, wewe lala chali na ujiambie kazi yako ni kukesha tu. Macho yakizidiwa, yaache. Inaonekana kama mzaha, lakini ni mbinu iliyochunguzwa na hutumika kwa watu wenye shida ya usingizi. Jaribu wiki mbili, kisha umweleze mshauri wako. Mweleze pia habari za pombe na kahawa ya jioni, ambazo mimi hukunitajia.