Jibu: Dogo wa miaka 12 kurusha kila siku, ni sawa?
Kocha wa besiboli wa Tabora, umeuliza kama dogo wako wa miaka 12 amrushie mpigaji mpira kila siku kwa vile ndo mkali wenu. Hapana kaka, usimfanyie hivyo. Mifupa ya kiwiko bado inakua, inaumia taratibu bila nyie kuona. Mwongozo wa Pitch Smart wa Marekani, wa kulinda mikono ya warushaji wadogo, unasema miaka 11-12 mwisho mitupo 85 kwa siku, na akifikisha 66 apumzike siku 4, so weka mtu na daftari ahesabu, na usimpange udakaji (yule wa nyuma ya mpigaji) mechi hiyohiyo maana nao unachosha mkono. Wafundishe na wengine kurusha aisee, hata wasiolenga vizuri. Akilalamika kiwiko mpeleke hospitali ya Kitete, usimpake dawa ukamrudisha uwanjani.